Jua la Dirisha la Reidulf

Wivu wa mali una dawa, kwani mtu aweza kujituma akapata yake. Wivu wa jua hauna dawa. Ottar Bergli, mpeleka barua mstaafu wa mtaa wa juu mjini Tromsø, kaskazini kabisa ya dunia, aliugua ugonjwa huo tangu siku walipomaliza kujenga lile ghorofa la vioo pale chini.

Kabla ya ghorofa hilo, jua lilikuwa lake. Nyumba yake ya mbao, aliyoirithi kwa baba yake, ilitazamana na pengo lililo kati ya milima ya kusini. Kila Januari, baada ya majuma mengi ambayo jua halichomozi kabisa na mchana ni ubuluu tu unaopita dirishani kama mgeni asiyetaka kuvua viatu, jua lilichungulia penye pengo lile na kuligusa dirisha la Ottar kabla ya dirisha la mtu mwingine yeyote mtaani. Na desturi ilikuwa hivi: nyumba inayoguswa kwanza ndiyo inayochemsha kahawa na kukaanga maandazi ya jamu, na majirani wote huja, kila mmoja akakalia kwa zamu kiti kilichowekwa penye mwanga. Ndivyo tulivyoishi. Siku hizi maduka yanauza maandazi hayo hata mapambo ya Krismasi hayajashushwa, na vijana wanakaa mbele ya taa za dawa zinazoigiza jua, kila mtu chumbani kwake, kama miche ya nyanya.

Maisha yote ya Ottar yalikwenda kwa mwendo huo wa nuru. Kiangazi, jua lilipogoma kuzama, alipaka kuta rangi wakati ambao watu wa kwingineko wamelala, na majirani wakikata majani wala hakuna aliyelalamika. Septemba kila siku ilimegwa, kama mkate uliozungukwa na watoto wenye njaa. Novemba jua liliaga, naye akasambaza barua akiwa na taa kwenye paji la uso, akiteleza kwenye barafu na kutukana. Aliyavumilia yote hayo kwa sababu alijua kuna siku ya Januari atakapokuwa mwenyeji, na Aslaug atakuja.

Aslaug alikuwa mjane wa nyumba ya pili, mwenye ulimi mkali na kicheko chepesi. Ottar alimpenda kimyakimya miaka mingi, akingoja siku atakayopata ujasiri.

Sasa ghorofa likaziba pengo. Na kibaya zaidi, lilimzibia Ottar peke yake. Nyumba ya Reidulf, ng'ambo ya barabara, ilikuwa imekaa upande kidogo, ikachungulia pembeni mwa ghorofa na kubaki na jua. Reidulf huyu, fundi wa mitambo ya meli, mtu wa bahati tangu utotoni, ambaye miaka nenda miaka rudi alikula maandazi ya Ottar na kulamba vidole, ndiye aliyekuwa mwenyeji! Januari ya kwanza Ottar alijifanya ana mafua, asiende. Akiwa nyuma ya pazia aliuona uso wa Aslaug umefunikwa na dhahabu, anacheka, na mkono wa Reidulf ukimwongezea kahawa.

Januari iliyofuata, siku ya jua ilipambazuka bila wingu. Karibu na saa sita mchana Ottar alikuwa sebuleni akiwalaani wajenzi, mara mstari wa mwanga ukaangukia ukutani, mwekundu, hai, unatetemeka. Akaangusha kijiko. Hakuuliza umetoka wapi. Akaikimbilia simu.

"Aslaug! Njoo upesi! Limekuja kwangu!"

"Nini kimekuja?"

"Jua, mama wee! Jua!"

"Ottar, umelewa?"

"Sijaonja hata tone. Njoo uone mwenyewe."

"Nimeshavaa viatu, nakwenda kwa Reidulf."

"Basi viatu hivyohivyo vilete huku!"

Akaja, theluji ikiwa bado mabegani. Ottar akamkalisha kitini, na mwanga ukamwangukia shingoni na shavuni. Aslaug akafumba macho.

"Ehee," akasema polepole. "Nami nilidhani lile ghorofa limekumaliza."

"Mimi simalizwi na vioo. Sikiliza, Aslaug, kuna neno nataka..."

Mwanga ukaruka. Ulitoka shavuni, ukapanda kabatini, ukakimbia hadi kwenye dari, kisha ukashuka na kutua juu ya pua ya Ottar.

Aslaug akafumbua macho, akageuka dirishani, akaangua kicheko. Ng'ambo ya barabara Reidulf alikuwa amefungua dirisha avute kiko, na kila alipolisukuma kwa kiwiko, kioo kilirusha jua lake hadi sebuleni kwa Ottar.

"Maskini Ottar! Jua la jirani hilo!"

Waliosema nguo ya kuazima haisitiri matako hawakukosea. Ottar alitamani sakafu immeze. Aslaug akafungua dirisha.

"Reidulf! Usifunge! Tunaota jua lako huku!"

"Oteni tu, sidai malipo!" Reidulf akajibu, kiko mdomoni. "Mwambie Ottar asitikisike, nimlenge vizuri!" Akalisogeza dirisha taratibu, kwa mkono wa fundi, hadi mwanga ukarudi kitini.

Hapo ndipo Ottar alipoharibu. Angecheka, mambo yangekwisha. Badala yake alilivuta pazia kwa nguvu hata likachanika.

"Sitaki sadaka yake!"

Aslaug akamtazama.

"Haya, ulitaka kusema neno gani?"

"Nilitaka kukuomba uje tuishi pamoja. Hapa."

"Humu gizani?"

"Taa zipo."

"Unanitaka mimi, au unataka Reidulf asinipate?"

Ottar akafikiri. "Yote mawili."

"Afadhali husemi uongo," Aslaug akasema. "Marehemu mume wangu naye alikuwa na wivu, nikamzika nao. Sitaki mwingine ndani ya nyumba. Ila giza ni refu, na mimi sipendi kula peke yangu. Jua likiondoka, nitakuja kula kwako kila jioni. Likirudi, nitakwenda liliko. Sasa vaa koti, nje kunateleza, nataka mkono wa kushika."

Akavaa. Angefanyaje? Kwa Reidulf majirani walikuwa wamejaa, na Reidulf mwenyewe akainuka kitini.

"Kaa wewe kwanza, mzee. Mimi nimekalia chako miaka mingapi?"

Ottar akakaa. Jua likamgusa kope. Lilikuwa jua zuri, zuri kuliko alivyolikumbuka, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Tangu hapo siku zikaanza kurefuka, na mji mzima ukafurahi isipokuwa yeye. Februari alinung'unika. Machi alinuna. Mei jua lilipokataa kabisa kuzama, Aslaug alikaa barazani kwa Reidulf bila haraka, maana hapakuwa na usiku wa kumrudisha nyumbani. Ottar hakumwonea tena wivu Reidulf peke yake. Alilionea wivu jua lenyewe, akilitazama kama mtu anayemtazama mwizi asiyeshitakika.

Kisha Septemba ikaingia, siku zikaanza kumegwa, na watu mtaani wakawa na nyuso ndefu. Mpeleka barua mstaafu peke yake alionekana akipiga mluzi, akitoka sokoni na samaki wa kuwatosha watu wawili, amweke kwenye barafu angoje jua liondoke.