Nyigu Asiye na Jina

Nyigu tuliyemjua kisiwani kwetu ni yule anayeuma. Kumbe yupo mwingine, mdogo kuliko punje ya ulezi, wala hana habari na watu. Aliyetuonyesha ni bibi shamba mmoja, mtu wa bara, aliyeletwa kutoka Mtwara miaka ile ya vijiji vya ujamaa, minazi yetu ilipokuwa inapukutisha vidaka, nazi zikiwa bado changa.

Mume wangu, mkwezi, alimshushia maua ya mnazi, naye akashinda barazani kwangu, lenzi jichoni, chai inapoa. Nilimgombeza: "Mama, mdudu haliwi, kunywa chai!" Anacheka tu. Subira yake ilinitia hasira, na hasira ikageuka mapenzi.

Aliyetumaliza ni mdudu anayefyonza vidaka, na amri ya wilaya ilikuwa tukusanye mayai yake kwa msaragambo, kijiji kizima, tuyachome. Mengine meupe, mengine meusi. Sisi kwa bidii zetu tukakimbilia meusi, tukijua ndiyo yaliyoiva, karibu kuangua. Meupe tukayaacha, tukidhani bado machanga.

Bibi shamba akachukua ya kila rangi, akayatia kwenye chupa mbalimbali, akafunika kwa kipande cha kanga yangu kuukuu. Meupe yakatoa watoto wa mfyonzaji. Meusi yakatoa nyigu. Mama nyigu hutaga ndani ya yai la adui, na mwanawe hulila kwa ndani. Nilipotazama kwenye lenzi nikasema, "Subhanallah!"

"Mnachoma askari wenu," aliniambia, "na adui mnamlea."

Siku ya kuchoma, ofisa wa wilaya alikuja. Lundo la mayai na makuti makavu lilikuwa tayari uwanjani, mwenyekiti wa kijiji ameshika kiberiti. Bibi shamba akasimama, akaomba mayai meusi yarudishwe minazini.

"Jina lake nani huyo nyigu?" ofisa akauliza.

"Sijui. Anafanana na mmoja wa kitabuni, lakini huyu vipapasio vyake vina vifundo, yule hana."

Angeweza kutaja neno lolote la kizungu. Nani pale angejua? Na kupinga amri siku zile kulikuwa kujitafutia kuitwa adui wa maendeleo, kazi ikaota mbawa. Hakudanganya. Nilimpenda zaidi siku ile.

"Hana jina, basi hatumjui," ofisa akasema. "Choma, mwenyekiti."

Nikashindwa kuvumilia. "Ala! Dada yangu amejifungua juzi. Mtoto hapewi jina mpaka siku ya saba. Naye tumchome?"

Wanawake wakaangua kicheko, mmoja akapiga kigelegele. Ofisa akatazama viatu vyake. Mwenyekiti, ambaye wanawe wote walipewa majina siku ya saba, akatia kiberiti mfukoni mwa kanzu.

"Mtoto wa watu hachomwi," akasema.

Bibi shamba hakushangilia. Alipiga magoti kwenye lundo lile akaanza kuchambua mayai meusi, nasi tukapiga magoti naye.