Kinyozi wa Watu Waliokataa Kunyoa

Saa tatu asubuhi, kinyozi ameshika kichwa cha Mzee Ngoma kwa mikono miwili kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Mkasi umelala mezani. Anasuka. Kwenye kioo ameegemeza simu, na ndani ya simu yumo dada yake mkubwa, msusi, aliyebaki nyumbani nchi ya mbali, anafoka.

"Wewe! Usivute hivyo, hiyo si kamba ya mbuzi!"

"Anasemaje?" anauliza Mzee Ngoma, machozi yakimlenga. Lugha ile haijui.

"Anakusalimu. Anasema una nywele nzuri."

Mzee Ngoma ndiye anayewapigia ngoma mashabiki wa timu ya mtaa huu, na uwanja uko ng'ambo ya barabara. Kinyozi, mwenye miaka arobaini na mmoja, alihamia hapa miaka sita iliyopita na mashine moja ya kunyolea. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: siku ya mechi watu elfu nane hupita mlangoni pake, na kila mmoja ana kichwa.

Hakujua vichwa vyenyewe vina kiapo.

Msimu ulipoanza, timu ilichapwa nne bila na watani wa jadi. Mashabiki wakaapa pale pale jukwaani: hakuna kunyoa mpaka watani wafungwe. Vichwa ishirini na tano kwa siku vikashuka hadi vinne, "na kimoja ni changu," anasema kinyozi.

Akaanza kwenda uwanjani mwenyewe. "Si kwa mapenzi, usinielewe vibaya. Nilikwenda kama mkulima anavyotazama mawingu."

Miezi mitano baadaye watani wakafungwa mawili kwa moja. Kinyozi aliimba mpaka sauti ikakauka, akakimbilia dukani, akapanga viti hadi nje. Hakuingia mtu. Mzee Ngoma alichungulia tu mlangoni, nywele zimemfunika masikio, uso umejaa aibu.

"Mkasi, ndugu yangu," alisema, maana mtaani humu wanamwita Mkasi. "Tumeshinda tukiwa na nywele. Sasa nani athubutu kuzigusa? Hatunyoi mpaka tufungwe."

Kinyozi alicheka, halafu akakaa kwenye kiti chake mwenyewe. Mwenye nyumba alishamwambia: duka likiendelea kuwa tupu hadi mwisho wa mwezi, analichukua muuza viatu. Akampigia dada yake kumwambia anarudi nyumbani.

"Ngoja kwanza," dada alimkatiza. "Wameapa kutonyoa. Na kusukwa je, wameapa?"

Kinyozi akavuka barabara kwenda kuuliza. Mashabiki walijadili robo saa nzima, kama bunge. Uamuzi: kusuka siyo kunyoa. Ruksa, mradi asipunguze hata unywele mmoja.

Leo anasuka watu tisa kwa siku, uzi wa kijani na mweupe ndani, rangi za timu, na muuza viatu ameambiwa atafute kwingine. Mwalimu hakosi simuni.

"Mistari ya jana ilikwenda kama mlevi," anasema dada. "Ya leo afadhali. Mlevi kapata nafuu."

Ni mechi ya kumi na moja sasa timu haijafungwa. Kinyozi anajua vizuri kwamba ikifungwa, kesho yake foleni itafika kona, na mkasi hauhitaji mwalimu.

"Nilijaribu kuwaombea mabaya," anakiri. "Jumamosi wapinzani walipata penalti dakika ya mwisho. Nikasema kimoyomoyo, haya, ingia tu. Kipa wetu akadaka! Nilijikuta nimening'inia shingoni mwa mtu nisiyemjua, nalia."

Sasa ameagiza kiti cha pili. Karatasi za safari za dada yake zimeshapelekwa. Akija, yeye atasuka, kaka atanyoa.

"Kwa hiyo wakishinda kazi ni yangu, wakifungwa ni yako," dada anasema. "Sema kweli, unaomba lipi?"

Kinyozi anamaliza msuko mmoja, anaufunga fundo.

"Tushinde, dada. Mimi nitakuwa nakukatia nyuzi."