Pengo la Tairi ya Baba

Ukitaka kucheka, cheka sasa tumalizane, kwa sababu nikishaanza sitaki kukatizwa. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, si jirani wala shemeji wa jirani, tena jua bado liko juu, huko kwetu Matungu.

Nauza ndizi, na pikapu yangu ilikuwa na tairi zilizoisha hadi zikang'aa. Mvua zilikuwa zimeanza, na mama yangu alikuwa anaugua kifua nyumbani. Kila nikimwambia twende hospitali, anakataa. Miaka mingi iliyopita baba alipelekwa huko kwa pikapu yake mwenyewe, akamwambia mama, "Ningoje, nitakujia." Hakurudi akiwa hai. Basi mama akashikilia kwamba hatoki pale mpaka baba amjie. Ungefanya nini na mtu kama huyo? Nilimbembeleza, nikamfokea, nikalia. Wapi!

Nikasema angalau niwe na tairi za maana, ili siku akikubali nisikwame naye kwenye matope. Nikaenda Kakamega mjini. Muuzaji akanisukumia za lami. "Mama, hizi hazipigi kelele, utasafiri kama umelala." Nikamwambia akalale nazo yeye. Mimi nataka za kwenda popote, zenye meno mapana yaliyoachana, udongo wetu usigande katikati. Nilibonyeza kila jino kwa kidole gumba na kuunusa mpira, kama baba alivyokuwa akifanya. Zilikuwa mpya kabisa, niamini. Hata vile vinyweleo vya mpira vilikuwa bado vimesimama.

Sasa nikurudishe nyuma kidogo. Tairi ya baba, ya nyuma kushoto, ilikanyaga jembe shambani, jino moja likang'oka. Mimi na ndugu zangu tukitoka shule tulikuwa tunainama barabarani kutafuta alama yake: meno, meno, pengo. Meno, meno, pengo. Tukiiona inaelekea nyumbani, mbio! Baba amerudi, kuna mkate. Mama naye akiiona anabandika maji ya obusuma, ugali wetu. Jamani, zile siku! Sijawahi tena kuufurahia mkate namna ile.

Basi nikafika kwa mama alasiri hiyo hiyo, mvua ndiyo imekatika. Pikapu ilipanda kilima chetu bila kuteleza. Nikashuka, nikageuka nyuma nijisifu kwa tairi zangu, nikajikuta nimeinama. Upande wa kushoto, kutoka langoni hadi nilipoegesha: meno, meno, pengo. Nikaikagua tairi. Nzima, haina hata mkwaruzo. Kisha nikaona nyayo za gambuti, kubwa, zikitoka mlango wa dereva kuelekea mlango wa mama. Mimi nilikuwa nimevaa sandali. Na nyayo za kurudi hazikuwepo.

Mlango ukafunguka. Mama, ambaye siku hizo hata kitandani hakuwa akiinuka, alisimama pale amejifunga leso, mkoba mkononi. Akainama, akaisoma ile alama kama zamani, akatabasamu.

"Twende," akasema. "Baba yako hapendangi kungoja."

Nilimpandisha. Nikarudisha gari nyuma haraka, kwa njia ile ile, na tairi zangu zikafuta kila kitu. Hospitalini daktari alisema tungechelewa kidogo tu, tungempoteza.

Mama alipona, namshukuru Mungu. Lakini siku hizi, mvua ikinyesha na akisikia pikapu yangu, anatoka na mkongojo wake, anapitisha macho njia nzima kuanzia langoni. Meno, meno, meno. Kisha ananiuliza, "Leo umekuja peke yako?" Namjibu, "Ndiyo, Mama," na tunaingia ndani kunywa chai.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, nunua tairi zako kabla ya mvua. Na siku ukifika kwenu ukakuta kwenye matope alama unayoijua, zima gari kwanza. Usirudi nyuma. Mwache mama yako aitazame mpaka atosheke.