Mafuta ya Mwili

Fundi wangu wa nguo amefariki. Habari ilinifikia Jumamosi asubuhi kwa ujumbe wa sauti, nikiwa nimesimama kwenye robot, kama tunavyoziita taa za barabarani huku Johannesburg, moja ya hapa Kensington, na kabla sijausikiliza mpaka mwisho nilikuwa nimeshajua, maana aliyetuma alinisalimia mara mbili. Magari ya nyuma yakanipigia honi. Wasomaji wa siku nyingi wa safu hii wanajua kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Simu ikiita kutoka nyumbani Kigoma saa ambayo si ya kawaida, huwa nimeshamzika mtu kichwani kabla sijapokea. Ila wasiwasi huwa unapungua mtu akishajua lililotokea. Safari hii umezidi. Ndiyo maana naandika juu ya mama huyu, ambaye hakuwa ndugu yangu wala mtu mashuhuri. Alikuwa mshonaji kutoka Uvira, ng'ambo ya ziwa letu la Kigoma, aliyepanga chumba cha mbele katika nyumba moja kuukuu pale Bellevue, cherehani dirishani, na kwa miaka mingi alinishonea mashati bila kunipima. "Papa Gazeti," aliniambia kila nilipojaribu kunyoosha mikono, "tumbo yako minaijua, kaa chini."

Alikuwa mnene, na unene wake ndio uliokuwa kibao chake cha biashara. Wateja walimwona mlangoni kajaa ndani ya kitenge chake, wakaamini kwamba hapa pana mtu ambaye kazi inamlipa na mikono inamtii. Kisha magoti yakaanza kumsumbua, ikafuata presha, ikafuata sukari, na muuguzi wa kliniki ya mtaani akamwelekeza kwenye hospitali moja upande wa pili wa mji, ambako madaktari walikuwa wakitafuta watu wanene wenye sukari kwa ajili ya utafiti wa dawa. Kiingereza chake kilikuwa cha kununulia vifungo na uzi. Wale wa hospitali walikuwa na mkalimani wa kwenye simu, lakini alisema hataki tumbo lake lijadiliwe na sauti isiyo na uso. Akaniomba nimsindikize, nami nikakubali kwa furaha, kwa kuwa kazi yangu ni maneno na niliona mambo yatakuwa mepesi.

Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu, alieleza kwamba kutakuwa na sindano ya kila wiki ya kupunguza hamu ya kula, na kwamba baadhi ya washiriki watapewa dawa na wengine maji matupu, bila mtu kuambiwa yuko upande gani. Nikatafsiri vizuri. Akaongeza kwamba, kwa atakayeridhia, wangependa pia kuchukua kiasi kidogo cha mafuta kutoka chini ya ngozi ya tumbo, wayachunguze. Nikasema bila kusita, "Wanaomba wachukue mafuta kidogo ya mwili wako." Mama Fundi akafungua mkoba, akatoa chupa yake ya mafuta ya kujipaka, akaiweka mezani mbele ya daktari. "Bachukue tu," akasema. "Ni ya glycerine, haina harufu mbaya." Daktari akaiangalia ile chupa, akaniangalia mimi, nami nikaangalia dari.

Tulicheka mpaka machozi yakatutoka, lakini baadaye nililifikiria sana neno lile. Tunayokaangia samaki ni mafuta, tunayotia kwenye gari ni mafuta, tunayompaka mtoto akitoka kuoga ni mafuta, na yale ambayo daktari anayaogopa yakizunguka ini ni mafuta hayo hayo. Katika lugha yetu hili ni neno la neema. Mtoto asiyepakwa mafuta ni mtoto aliyetelekezwa, na mchuzi usio na mafuta ni wa mgonjwa. Nilikuwa nimefika utu uzima nikitumia neno hilo kila siku bila kulisikia hata mara moja likitajwa kama adui. Sasa nilitakiwa kumweleza mwanamke wa Uvira kwamba kitu kizuri kama hicho kinamziba mishipa.

Kicheko kilipokwisha nikamweleza kwamba si ya kupaka, ni ya ndani, na yatavutwa kwa sindano. Uso wake ukabadilika. "Mafuta ya mutu?" akauliza polepole. "Banaipeleka wapi?" Hakuwa anatania. Kila aliyewahi kupanga chumba katika mji huu amesimuliwa habari za watu waliookotwa wakiwa wamepungukiwa viungo, na nani anajua zipi ni kweli na zipi ni za kutishana. Nilitafsiri swali lile nikiwa na hofu kwamba daktari ataona ametukanwa. Hakuona hivyo. Alisimama, akatupeleka chumba cha pili, akatuonyesha friji na vichupa vyenye namba badala ya majina, akasema mgonjwa anaweza kulikataa hilo na bado akaendelea na matibabu. Mama Fundi akasema, "Basi bachukue. Lakini ikiisha kazi, baichome." Daktari akajibu kwamba ndivyo wanavyofanya, wanachoma.

Hakuambiwa kama anapata dawa au maji, lakini alijua mwenyewe mapema. Ugali ulimkinai, ngazi alianza kuzipanda bila kushika ukuta, na sukari ikatulia. Ningeweza kuimalizia safu hapa na ikawa habari njema. Tatizo ni kwamba alikuwa akipungua mbele ya macho ya watu, na watu hao ni sisi. Wengi wetu tulifika Johannesburg wakati mtu akikonda alikuwa anaagwa. Tulizika majirani wembamba Joubert Park na Bellevue, tukajifunza kusoma mashavu ya watu kama gazeti, na ingawa siku hizi dawa za ule ugonjwa zipo na watu wanaishi, macho yetu hayajafundishwa upya. "Mama, umepungua," walimwambia mlangoni, kwa ile sauti ya kutoa pole. Kanisani aliitwa mbele aombewe bila yeye kuomba. Mteja mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake ambacho hakijakatwa, akisema harusi imeahirishwa, na Jumamosi yake harusi ile ile ikapigwa vigelegele.

Bintiye, ambaye amezaliwa hapa na anafanya kazi ya mapokezi kwenye ofisi moja mjini, hakuielewa hofu ile. "Eish, Mama, uko sharp," alimwambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, akimaanisha amependeza. "Shona nguo mpya, vaa." Mama hakushona. Siku moja nilipomsindikiza tena hospitali, muuguzi alimwambia avue gauni apande kwenye mizani, nami nikatoka nje, nikasikia vicheko. Aliporudi alinieleza mwenyewe. Chini ya gauni alikuwa amevaa gaguro juu ya gaguro, na la mwisho alikuwa ameliwekea pamba nyongani kwa mkono wake. Fundi aliyewapunguzia watu nguo mtaa mzima alikuwa anajiongezea mwili kwa cherehani, ili Bellevue wamwone kama walivyomzoea. "Dawa inanisaidia, Papa Gazeti," akasema, "lakini kama batu banaona nakufa, nani ataniletea kitenge?" Daktari alimsihi asiache, nami nikamsihi, na magaguro yale ndiyo yaliyomwezesha kuendelea mpaka mwisho wa utafiti.

Utafiti ukaisha, na sindano zikaisha nao. Dawa za namna hiyo zipo madukani, lakini kwa bei ya watu wasioishi kwa kushona. Alinenepa tena, taratibu kisha haraka, na presha ikarudi. Na sisi tulifurahi! Hilo ndilo linalonikosesha usingizi. "Umepona, Mama! Umerudi mwenyewe!" Wateja wakajaa. Kanisani akaitwa tena mbele, safari hii kutoa ushuhuda, naye akasimama akashukuru kwa maneno machache, kwa kuwa angesema nini? Alianguka kwenye cherehani yake asubuhi akifungua duka, na hospitali walisema ni mshipa wa kichwani. Nilimpigia yule daktari nikimtaka aniambie wazi kama angekuwa hai laiti sindano zingeendelea. Akasema hawezi kuniapia hilo, na kwamba amesikitika sana. Nilimwamini, na wasiwasi wangu haukupata pa kutua.

Msibani nilikuta mnong'ono umeshaenea kwamba sindano ndiyo iliyomuua. Mama mmoja mwembamba wa mashavu, muuza dagaa, alinivuta pembeni akaniambia naye ameingizwa kwenye utafiti mwingine pale pale, na kwamba Alhamisi hatakwenda tena. Nilimweleza kuwa marehemu alifariki akiwa ameshaacha sindano siku nyingi, akanitazama kama mtu anayeuziwa kitu. Wakati huo binti wa marehemu alitoka chumbani na gauni la kumzikia mama yake. Lilikuwa la kitenge cha buluu, limetariziwa shingoni, na jembamba. Wanawake wakasema amekosea, hilo ni la mteja. "Si ya mteja," binti akajibu, akilia. "Ni ya Mama. Alijishonea. Hakuivaa hata siku moja." Halikuweza kumwingia tena. Likapita mkono kwa mkono mpaka kwa muuza dagaa, akalishikilia kifuani, na urefu na upana vikawa vyake. Akauliza kwa sauti ndogo, "Na yeye alikuwa anavaa magaguro mangapi ndani?" Hapo ndipo nilipoangalia sketi yake vizuri, nikaona imejaa kuliko mashavu yake.

Binti alimpa lile gauni. Sijui kama atalivaa, na sijui kama Alhamisi atakwenda. Naandika haya ikiwa Jumanne na sina amani. Madaktari wataendelea kutafuta dawa ya mafuta ya mwili, na ninaomba waipate na itufikie na sisi wa vyumba vya kupanga. Lakini kuna sehemu ya matibabu ambayo haipo kwenye friji yao, ipo midomoni mwetu, kwenye salamu. Kwa hiyo ukikutana Bellevue na mama muuza dagaa aliyepungua, tafadhali usimpe pole. Mwulize ameamkaje, na kama amevaa gauni la buluu, mwambie limemkaa.