Mein Swichi ya Chumbani kwa Mama Mkwe

Kwa mila zetu, mwanaume haingii chumbani kwa mama mkwe wake. Hata nyumba ikiungua utafikiria mara mbili. Ndiyo maana kila nilipokuwaga naenda Butiama kumtengenezea umeme, mein swichi, lile boksi la swichi za nyumba nzima lililokuwa chumbani kwake, sikuwahi kuiona. Nilikuwa napaza sauti tu sebuleni: "Mama, zima ya sebule!" Naye anajibu kutoka ndani, "Nimezima, baba."

Siku hiyo taa ya sebule ilikuwa inacheza. Nilitoka Musoma na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi mwenzangu. Kazi anaijua, ila ubishi huo! Mama akazima, akaenda kisimani. Nikapima waya wa moto, tesa ya kupimia umeme haikuwaka. Nikamwambia shemeji aliyekuwa juu ya ngazi, "Fungua, hakuna kitu."

Akafungua maungio ya nyutro, ule waya unaorudisha umeme, ncha moja mkono huu, ncha nyingine mkono ule. Ubishi ukakatika hapohapo. Meno yamekazana, mikono haiachii, ngazi inatetemeka naye.

Jamani! Soketi ya chumbani kwa mama iliongezwa baadaye, na fundi kanjanja aliyeiunga aliazima nyutro ya sebule. Saketi mbili, nyutro moja. Tulizima sebule, lakini friji ya mama ilikuwa bado inaunguruma chumbani, na umeme wake ulirudi kwa nyutro ileile. Sasa njia ilikuwa mwili wa shemeji.

Ningemshika ningenasa naye. Nikakimbilia chumbani. Kwenye pazia la mlango miguu ikagoma. Nikasimama. Mtu anakufa nyuma yangu, mimi naona haya, mpumbavu mkubwa! Kisha nikajitupa ndani, nikashusha swichi kubwa. Nikasikia ngazi ikianguka.

Alikuwa hai, viganja vimeungua. Vidole viwili vya kulia havikunjiki mpaka leo.

Siku hizi nikiitwa Bunda au Kigera nazima nyumba nzima, naingia kila chumba kuhakikisha, na nyutro naipima kama ninavyopima moto. Wenye nyumba wakinung'unika nawaambia wakae nje.

Shemeji anamsimulia kila mtu kwamba nilimwokoa. Mama aliporudi siku ile nilimpigia magoti, nikamwomba radhi kwa kuingia chumbani kwake, akanisamehe palepale huku analia. Kwamba nilisimama kwanza, sijawahi kumwambia, yeye wala shemeji.