Upenu wa Nyuma

Msufi hauangushi tawi kama miti mingine. Mti mwingine hulalamika kwanza, unausikia ukipasuka, kuku wanakimbia na wewe unapata nafasi ya kuinuka. Msufi unanyamaza, umejaa maji ndani, halafu unaachia tu. Wa kwetu uliachia mchana, upepo wa mvua za kwanza ulipokuja kutoka upande wa mto, nami nimeshika tonge la ugali. Kishindo sikikumbuki. Nakumbuka mwanga. Chumba cha nyuma, ambacho tangu nijenge kilikuwa giza hata saa sita mchana, kiling'aa mara moja kama sufuria iliyofunuliwa.

Mke wangu hakupiga yowe. Alinipita, akafungua mlango wa nyuma, na wala hakutazama juu kama anavyotazama mtu ambaye paa lake limevunjika. Alitazama chini, pale ukutani, kwenye udongo. Kisha akaanza kuondoa majani kwa mikono.

"Acha hayo, kuna bati linaning'inia!" nikamwambia.

"Lining'inie," akasema.

Huo mti nao nisiusingizie sana. Mito yote ya nyumba hii ni sufi yake. Wanangu, wa kike yuko Mofu na mumewe wanalima mpunga, wa kiume yuko mjini Morogoro, wote wamelalia sufi hiyo, na mwaka mmoja mama yao aliuza mito hadi kwa masista. Lakini natoka nje ya njia. Nilikuwa nasema paa.

Nyumba yetu iko huku mwisho wa Kibaoni, yanakoanzia mashamba. Zamani ilikuwa ya nyasi. Tulipovuna mpunga mzuri tukaezeka bati, na siku ile mke wangu, ambaye mambo ya ujenzi hajawahi kuyaingilia, alimsimamia fundi akamwambia kona ya nyuma ishuke mpaka pale pale zilipokuwa zinashuka nyasi, isipungue hata kiganja. Fundi akacheka, mimi nikacheka, ikafanywa hivyo hivyo. Nyumba ikawa na upenu mrefu kona moja, kama mbwa aliyelaza sikio. Watu wakipita walikuwa wanauliza, "Mzee, nyumba yako inasikiliza nini?" Mimi nilidhani mama anataka kivuli cha kuoshea vyombo. Sasa kona hiyo ndiyo iliyong'olewa na tawi.

Fundi nilimwita kutoka Mkula. Ni mtu wa makamo. Baba yake alikuja na ng'ombe kutoka Usukumani, yeye akaona afadhali nyundo. Alishuka kwenye pikipiki, akanipa shikamoo, akaizunguka nyumba, kisha akasema:

"Babu, hii nyumba imenyolewa na kinyozi mlevi."

"Wewe tengeneza, usinyoe."

"Natengeneza. Ila hii kona tuikate, ilingane na kwingine. Itapendeza."

Mke wangu alikuwa anapepeta mchele mlangoni. Hakuinua uso. "Irudi ilivyokuwa," akasema.

"Bibi, boriti zile zilizovunjika ni mninga wa zamani. Mninga unatokeza wenyewe bila kushikwa. Leo ninayopata ni paina, laini kama mkate. Nikiitokeza kiasi kile itapinda."

"Irudi ilivyokuwa."

Fundi akanitazama. Nikamwambia, "Umemsikia mkuu wa kaya." Tukacheka sisi wanaume wawili. Mke wangu hakucheka.

Kisha mvua ikakata. Huku kwetu hutokea. Inanyesha ya kukudanganya upande mbegu, halafu inaondoka. Tulikuwa tunangoja mbao, jua linawaka, na paa la nyuma liko wazi, tumelifunika turubai tu. Ndipo nikaanza kumwona mke wangu. Kila asubuhi anachota maji bombani, anaupita mchicha wake uliokuwa unanyauka, anakwenda nyuma ya nyumba, na anamwaga maji kwenye ardhi tupu chini ya ile kona iliyovunjika. Hamwagi kwa ndoo. Anamwaga kwa kikombe, polepole, kama anayemnywesha mgonjwa. Siku nyingine nikakuta amefunga kitenge cha zamani kutoka dirishani hadi kwenye kijiti, kivuli kiangukie pale pale, na chini ya kivuli hakuna kitu.

"Unamwagilia nini?" nikamuuliza.

"Vumbi."

"Mchicha wako unakufa."

"Utajijua."

Niliogopa, nasema kweli. Mama yake alipozeeka alianza hivi hivi, anapika chakula cha watu waliokwisha kufa. Nikawa namchunguza akizungumza, kama anachanganya majina, kama anasahau sala. Hakusahau kitu. Pale tu nyuma, ndipo alikuwa mtu nisiyemjua.

Mbao zilipokuja fundi akaja nazo na mawazo mapya. Alisema kama bibi anataka upenu mrefu, sawa, lakini utawekewa nguzo ya kuushika. Mimi nikaona ni busara. Akapima kwa kamba, akaweka alama ardhini, akaondoa kile kitenge, akainua mtarimbo, akaupiga chini mara moja. Udongo ulikuwa laini kwa yale maji, chuma kikazama.

Mke wangu ana magoti mabovu. Sijamwona akikimbia tangu ujana. Siku ile alitoka jikoni akikimbia, akaushika ule mtarimbo kwa mikono miwili chini ya mikono ya fundi.

"Hapo hapachimbwi."

"Bibi, ni shimo dogo la nguzo."

"Hapachimbwi!"

"Kwani kuna nini? Bomba la maji?"

Akanitazama mimi, na mimi nikajua.

Kabla ya hawa watoto wawili kulikuwa na mwingine. Nilikuwa kwenye dago, kambi ya wavuvi chini ya Mofu, kijana, nimeoa juzi. Nilirudi na samaki wa kubanika, nikakuta wanawake wamejaa nyumbani, na mke wangu amelala, tumbo halipo. Mama mkwe, mtu wa kule juu Mahenge, alinikuta mlangoni akasema, "Hakulia. Yamekwisha. Ingia ule." Kwetu mtoto asiyelia ni shughuli ya wanawake. Hakuna jeneza, hakuna katekista, hakuna mwanamume kushika jembe. Na mwanamume haulizi wapi. Sikuuliza. Siku ya marehemu wote tunakwenda kufyeka makaburi ya wazazi, tunawasha mishumaa, tunarudi; huyu sikuwahi kumwashia. Baadaye sana nilimsikia bibi mmoja msibani akisema kwamba hao huwekwa penye ubaridi karibu na mama, penye matone ya paa, wasipigwe na jua wakapata kiu. Nilisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za nchi nyingine.

Basi alikuwa pale. Miaka yote alikuwa pale, na mimi nimepakanyaga. Nimeegesha baiskeli pale. Nimepasulia kuni pale. Na ngoja niseme na hili, kwa sababu nikilificha haya yote niliyoandika ni bure: nilipokuwa mnywaji, nikirudi kutoka kwenye pombe ya komoni, ule ukuta ndio niliokuwa naukojolea. Asubuhi nakuta pamemwagiwa maji. Nilikuwa nadhani mke wangu anaondoa harufu.

Tangu siku ya ule mtarimbo nyumba yangu ikawa si yangu. Nikipita mlango wa nyuma nanyata. Nikila, turubai linapumua juu ya chumba kile, linajaa upepo, linatulia, na mimi naona tuko watatu. Nilikuwa nahesabu angekuwa na mvi sasa. Sikujua hata kama alikuwa wa kike au wa kiume. Nilitaka kumuuliza mke wangu hilo moja tu, nikafungua mdomo mara nyingi, nikaishia kuomba chumvi.

Fundi naye hakurudia habari ya shimo. Alilifukia kwa mguu, halafu akaona aibu, akainama akalisawazisha kwa mkono. Akaleta shauri jingine: paa likatwe fupi, liwekewe mfereji wa bati, maji yote yaje yamwagike pale anapopataka bibi.

"Yatachimba," mke wangu akasema.

Ni kweli. Maji ya mfereji yakianguka mahali pamoja masika moja yanafumua ardhi. Fundi akaenda kunawa mikono ingawa kazi ilikuwa haijaisha. Nadhani alikuwa ameelewa. Na kwao wana ya kwao.

Hapo mawingu yalikuwa yamerudi juu ya milima, meusi, safari hii ya kweli. Nguzo haiwezekani. Mfereji hauwezekani. Paina peke yake itapinda, ivunjike, na safari ya pili itaanguka na bati juu ya pale. Nikaizunguka nyumba yangu nikiitazama kama mgeni, nikafika mbele, barazani. Pale mbele ndipo ninapokaa kila alasiri. Kila anayepita barabarani ananisalimu, namjua anakokwenda na anachonificha. Upenu wa pale ni mpana, na boriti zake ni mninga ule ule.

"Fundi," nikasema, "ng'oa hizi, upeleke nyuma."

"Babu, huku mbele utabaki na upenu wa kiganja. Jua lote la alasiri litakuwa lako."

"Ng'oa."

"Bibi anajua?"

"Wewe umezoea kuuliza sana hivi kwenu?"

Misumari ya zamani ikitoka hulia vibaya. Mke wangu aliisikia, akaja, akasimama na mwiko mkononi akitazama baraza langu linavyofunuliwa. Akarudi jikoni. Fundi aliziingiza zile boriti juu ya ukuta wa nyuma, mikia yake akaifunga ndani kwenye kenchi za paa, akaezeka, matundu ya misumari akayaziba lami. Upenu ukashuka mpaka ulipokuwa.

Alipoondoka ilikuwa alasiri. Nilikwenda mbele kwa mazoea, jua likanipiga usoni. Mwendesha bodaboda mmoja akapita akaniita, "Mzee, umegombana na kivuli?" Nikasimama tu mlangoni, mtu mzima hajui akae wapi.

Mke wangu akatokea ndani, akachukua kigoda changu pale barazani bila kunitazama, akaondoka nacho. Nikamfuata. Alikwenda nyuma, akakiweka kando ya ukuta, karibu na chake. Hajawahi kunikaribisha upande ule. Nikakaa. Mawingu yakafunga, mvua ikaanza juu ya bati kwa sauti ndogo, halafu matone yakaanza kushuka kutoka kwenye ncha ya upenu, moja moja, yakifuatana kwenye mstari, laini, yakiingia ardhini bila kuruka.

Goti langu linataka kunyooshwa ninapokaa. Nikalinyoosha.

"Vuta mguu," mke wangu akaniambia. "Utamkanyaga."

Nikauvuta.