Mwaka Mpya Nilipomwangukia Mama Mkwe

Mimi nikisikia watu wanaulizana mwaka huu mpya utabadilisha nini, huinuka nikajifanya naenda kuangalia ng'ombe, hata kama ng'ombe wamelala zamani, kwa sababu swali hilo liliniaibisha mara moja na aibu yenyewe bado ninayo. Lakini leo mmenibana, basi chekeni, ila mwisho wake hautawachekesha sana.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa mpishi kwa bwana mmoja wa ngano, shamba lililo juu kidogo ya Rongai, na mpishi hula kile bwana alichobakisha, na bwana yule (namshukuru, na pia namlaumu) alikuwa anabakisha sana. Tumbo likatoka. Suruali zangu zilikuwa zake za zamani, na yeye alikuwa mwembamba kama ufito, kwa hiyo kila asubuhi mke wangu Nasimiyu alinishikia kiuno nikavuta pumzi ndipo kifungo kifunge.

Siku ya mwaka mpya tukakusanyika kanisani, kibanda cha mabati pale kambini kwa wafanyakazi, na mwalimu wetu wa dini alikuwa na desturi ya kumsimamisha kila mtu aseme mbele ya majirani atafanya nini mwaka huo. Huyu akasema ataacha pombe, yule akasema atajifunza kusoma, na ilipofika zamu yangu, Barasa, dereva wa trekta, akapaza sauti kutoka nyuma, "Huyo apunguze tumbo! Hiyo ndiyo maombi yetu sisi wote!"

Kanisa zima likaangua kicheko, hata mwalimu akajifuta macho, na mimi nikaumia, kwa sababu nilikuwa na neno langu la maana nimekaa nalo moyoni tangu Krismasi. Mama yake Nasimiyu aliishi shamba la chini na macho yake yalikuwa yanafifia, na tangu tulipopata mtoto wetu wa kwanza Nasimiyu alikuwa ananiomba twende, mama amwone mjukuu kabla giza halijafunga kabisa, nami kila mara nilimjibu kesho, leo jikoni kuna wageni.

"Tumbo ni yangu, niachieni," nikasema. "Mimi mwaka huu nitampeleka mama mtoto kwa mama yake, apate kumwona mtoto wetu."

Wakaitikia amina kwa nguvu, na amina zile zikanipanda kichwani nikaongeza, "Tena nitampeleka leo!"

Hiyo "leo" ndiyo iliyoniponza. Kwetu mwanamume na mama mkwe hawakaribiani, hawashikani mikono, wakikutana njiani mmoja huchepuka vichakani, na ukitaka kwenda kwao unatuma habari mapema ili ajitenge ndani, nawe unasimama nje ya ua mpaka baba mkwe aje akupokee. Mimi sikutuma mtu. Niliazima baiskeli ya Barasa (akanionya, "Breki ni ya nyuma tu, usiisumbue"), nikampakia Nasimiyu nyuma na mtoto mgongoni mwake, tukateremka huku nikipiga kengele hata pasipokuwa na mtu.

Tulipofika juu ya mteremko wa mwisho, paa za shamba la chini zikaonekana, na Nasimiyu akanigonga mgongoni. "Baba mtoto, nishushe. Wacha nitangulie niwaambie, mama ajue unakuja."

"Shuka utembee kama unaogopa mteremko," nikamwambia, "lakini habari nitapeleka mwenyewe, nitapiga kengele."

Akashuka. Mimi nikajiachia, na katikati ya mteremko nikaikanyaga breki ya nyuma, ikalia kidogo, kisha haikulia tena. Nikapita kibanda cha kwanza, nikapita kuku, nikaona ua wa mkwe wangu unakuja mbio, na pale uani wanawake wameketi juu ya mikeka, miguu wameinyosha, wanachambua maharagwe, nami napiga kengele na kupiga kelele, "Ondokeni! Ondokeni, ni mkwe!"

Gurudumu likagonga jiwe la kusagia. Baiskeli ikabaki, mimi nikaendelea, nikasikia suruali ya bwana ikipasuka kutoka kiunoni mpaka gotini, na nilipofungua macho kichwa changu kilikuwa mapajani pa mama yake Nasimiyu, maharagwe yamenijaa masikioni, na kile kinachopaswa kufichwa na suruali kinatazama jua.

Wale wanawake hawakucheka. Afadhali wangecheka. Mama akajifunika uso kwa kanga, akainuka akipapasa ukuta, akaingia ndani na kufunga mlango. Baba mkwe akanitupia gunia nijifunge, na Nasimiyu alipofika anahema, mtoto analia, mzee akanyoosha mkono njiani.

"Rudini. Hapa hataingia mtu wa nyumba yako mpaka wazee wakae."

"Baba, mimi sikuanguka," Nasimiyu akasema. "Mtoto hakuanguka. Mama amwone tu mlangoni."

"Nimesema rudini."

Nilikokota baiskeli kupanda mlima nimejifunga gunia, naye nyuma yangu anambembeleza mtoto tu, na ningetoa chochote anitukane. Serikali ilikuwa imetangaza hali ya hatari, mikutano ya watu inakatazwa, wazee kukusanyika ilikuwa shida, lazima ruhusa ya bwana wa juu na bwana wa chini, kisha kondoo wa kuisafisha aibu ile atafutwe, kisha mvua kubwa ikakata njia, na jambo likavutwa hivyo mpaka ngano ikavunwa.

Siku waliyotuita nilituma habari mapema, nikasimama nje ya ua kama mtoto wa shule. Wazee wakamaliza yao, Nasimiyu akaingia na mtoto, naye sasa anatembea. Kupitia mlango nilimwona mama ameketi, anampapasa usoni polepole, paji, pua, masikio, anarudia tena, anauliza, "Na rangi? Ni wa rangi yako au ya baba yake?" na Nasimiyu anamwambia rangi huku machozi yanamtiririka bila sauti.

Ndipo mama akageuza uso kuelekea mlangoni nilikosimama.

"Mwambieni mkwe aingie tu, aketi," akasema, na alikuwa anatabasamu. "Haya yamekwisha. Simwoni tena."

Tangu siku hiyo sisimami mbele ya watu kutangaza neno jema ninalotaka kumtendea mtu. Nikilipata moyoni, kwanza namuuliza mwenyewe anataka nilifanye vipi. Na tumbo nililipunguza pia, mwaka uleule, bila kumwambia mtu.